Hadithi Fupi za Mizimu na Wachawi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapozungumzia hadithi fupi za kutisha. Mengine ni ya msomaji anayeanza, mengine ya mzazi anayehofia usingizi wa mwanawe, mengine ya mwandishi aliyekwama kwenye ukurasa wa mwisho. Unaweza kuanza na jibu lolote. Jambo lililokwisha elezwa mahali pengine halirudiwi, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Hadithi fupi ya kutisha ni ipi hasa?

Ni hadithi inayosomwa kwa mkao mmoja, na kazi yake ya kwanza ni kumtia msomaji hofu. Kigezo cha mkao mmoja kilitetewa na mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1842. Alitaka hadithi imalizike ndani ya nusu saa, au kwa wingi saa moja hadi mbili, ili shughuli za dunia zisipate nafasi ya kuingia katikati, na ili kila sentensi tangu ile ya kwanza ielekee kwenye athari moja aliyoikusudia mwandishi.

Kuwapo kwa mzimu au mchawi peke yake hakutoshi. Zipo hadithi za mapenzi zenye mizimu na vichekesho vyenye wachawi. Kinachoamua ni hofu, na hofu nayo si ya aina moja. Mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe, katika makala iliyochapishwa mwaka 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, alitenganisha hofu ya kulitazamia jambo, ambayo huamsha akili na kuipanua nafsi, na kitisho cha kulishuhudia, ambacho huigandisha. Hadithi fupi iliyo nzuri huishi zaidi katika ile ya kwanza: mlango umeanza kufunguka, na bado hujaona kitu.

Kwa nini mtu ajitie hofu kwa hiari yake?

Sehemu ya jibu iko mwilini. Moyo hudunda, kijasho chembamba hutoka, masikio hukaa macho, na huku msomaji anajua kwamba anaweza kufunika kitabu wakati wowote. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 110 waliofungwa vipima mapigo ya moyo na kupitishwa kwenye nyumba ya burudani ya kutisha. Raha ilikuwa juu zaidi pale hofu ilipokuwa ya wastani. Ilipokuwa ndogo mno raha ilipungua, na ilipozidi mno ilipungua pia. Kwa hiyo anayesema "napenda, lakini si ile ya jana" hana kasoro yoyote. Kila mtu ana kipimo chake.

Lakini mwili hauelezi yote. Bembea kubwa nayo hudundisha moyo, na hakuna anayekaa siku tatu akiifikiria. Hadithi ya mzimu hubaki kwa sababu inagusa jambo lililokuwa la kweli kabla mzimu haujatokea: mtu aliyekufa kabla hatujapatana, ahadi iliyoachwa njiani, jirani ambaye hatujui anatuwazia nini. Hofu hizo tunazo tayari, ila hatuna pa kuzisemea. Hadithi huzipa umbo na usiku mmoja wa kutembea. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu fani hii, na majibu mengi hapa chini yanatokana nalo.

Kwa nini ziwe fupi? Riwaya haiwezi?

Inaweza, ila kwa taabu zaidi. Hofu huzoeleka. Katika riwaya wahusika wanapaswa kulala, kuamka, kwenda kazini, na kila asubuhi inapoingia nguvu ya mzimu hupungua. Baada ya kurasa mia mbili msomaji anaanza kuuliza kwa nini familia hii haihami, na mwandishi analazimika kujibu. Akijibu, anaeleza, na maelezo ni maji kwenye moto.

Kuna sababu nyingine. Mhakiki Tzvetan Todorov aliandika mwaka 1970 kwamba fantasia ya aina hii hudumu kwa muda ule tu ambao msomaji anasitasita: je, jambo hili limetokea kweli, au macho na akili vimemdanganya mhusika? Akishaamua, amehamia kwenye fani nyingine. Kusitasita huko ni kugumu kukubeba kwa kurasa mia nne. Hadithi fupi inaweza kuanza nako na kumalizika nako, na msomaji akaondoka bado hajaamua.

Zilianza lini?

Kusimulia visa vya wafu ni kwa kale kuliko maandishi. Katika maandishi yaliyopo, mmoja wa mifano inayofahamika zaidi ni barua ya Mrumi Plinio Mdogo, aliyeishi karne ya kwanza hadi mwanzo wa karne ya pili (tazama "Mizimu hutaka nini?"). Nchini China, Pu Songling, aliyefariki mwaka 1715, aliacha karibu hadithi 500 za mizimu, mbweha wanaojigeuza watu na mambo ya ajabu. Ziko zilizo na urefu wa aya moja tu. Mkusanyiko wake ulipigwa chapa mwaka 1766, zaidi ya miaka hamsini baada ya kifo chake.

Huko Japani, enzi ya Edo (1603 hadi 1868), watu walikutana usiku kusimulia visa mia moja kwa zamu, na kila kisa kilipokwisha taa moja ilizimwa. Iliaminika kwamba baada ya taa ya mwisho jambo la kweli lingetokea, kwa hiyo wengi waliishia kisa cha 99. Sijui maelezo mazuri kuliko hayo ya kile ambacho ufupi unaifanyia hofu: visa vidogo vidogo, na giza linalosogea hatua kwa hatua.

## Mizimu

Mizimu hutaka nini?

Mara nyingi hutaka kulipwa. Katika barua ya Plinio, kuna nyumba kubwa mjini Athens inayokimbiwa na wapangaji kwa sababu usiku husikika mlio wa minyororo, kisha hutokea mzee mchafu mwenye ndevu ndefu na pingu. Mwanafalsafa Athenodorus anasikia bei, anaona ni ndogo kupita kiasi, anauliza, anaambiwa yote, na bado anapanga. Usiku anakaa akiandika. Mzimu unakuja, unamwita kwa kidole. Yeye anaupungia mkono usubiri kidogo, anaendelea kuandika. Unamtikisia minyororo kichwani. Ndipo anachukua taa na kuufuata hadi uani, ambako unatoweka. Anatia alama pale. Kesho yake wakuu wa mji wanachimba, na inapatikana mifupa iliyofungwa minyororo. Inazikwa kwa heshima, na nyumba inatulia.

Kisa hicho kina karibu miaka elfu mbili, na mfupa wake ungali ndani ya hadithi tunazosoma leo: kuna mtu hakutendewa haki, waliohusika wamenyamaza, na kimya hicho ndicho kinachotembea usiku. Dawa ya deni ni kulipa. Hadithi hututisha zaidi pale deni linapokuwa halilipiki, kwa kuwa anayedai amekwisha kufa na aliyemkosea hawezi tena kumwomba radhi.

Wako waliokataa kanuni hiyo. M. R. James, mwanazuoni wa Cambridge aliyekuwa akiwasomea rafiki zake hadithi mpya usiku wa mkesha wa Krismasi, alishikilia kwamba mzimu wa hadithini uwe na uovu na chuki. Mizimu yenye huruma, alisema, inafaa kwa visa vya aina nyingine. Katika hadithi zake mtu huokota kitu cha kale kisichomhusu, na kitu hicho kina mwenyewe. Ukitazama vizuri, hata hapo kuna deni, ila mdaiwa hakujua kwamba ametia saini.

Na wapo wanaokuja kuonya. Charles Dickens alinusurika ajali ya treni ya Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, akawahudumia majeruhi kwa mikono yake. Mwaka uliofuata akachapisha hadithi ya mtumishi wa reli anayetokewa na kivuli kabla ya kila ajali, bila kuambiwa ajali itakuwa wapi wala afanye nini. Hofu ya hadithi hiyo haiko kwenye kile kivuli. Iko kwa mtu mwenye dhamana ya roho za watu, aliyepewa onyo lisilotumika.

Kwa nini karibu kila mara ni nyumba?

Kwa sababu nyumbani ndipo tunapoacha kujilinda. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, mwaka 1919 alieleza hofu ya namna hii kuwa ni ya kitu tulichokizoea kinachogeuka kuwa kigeni. Msitu wenye giza unaogofya na haushangazi. Ngazi uliyopanda maisha yako yote, usiku mmoja ikawa na kidato cha ziada, inaogofya kwa namna isiyofukuzika. Nyumba pia huwa na wenyewe kabla yako, na hapo deni la wengine hukuangukia wewe mpangaji.

Mahali pengine panafaa pia: ofisi baada ya saa za kazi, basi la mwisho, wodi ya hospitali saa tisa usiku. Sharti ni moja tu, pawe ni mahali ambapo mhusika ana sababu ya kuwapo na hawezi kuondoka kirahisi.

Lazima mzimu uonekane?

Hapana. Katika hadithi ya W. W. Jacobs ya mwaka 1902, wazee wawili wanapewa mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi matatu. Wanaomba fedha, na fedha zinakuja kama fidia ya kifo cha mtoto wao aliyenaswa na mashine kiwandani. Mama anamshinikiza baba aombe mwana arudi, naye anaomba. Usiku mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo la juu asilolifikia, baba anapapasa sakafuni akiutafuta ule mkono ili aombe ombi la tatu. Kugonga kunakoma, mlango unafunguliwa, barabara ni tupu. Hatuambiwi nje palikuwa na nini, na kila msomaji amekwisha kukiona.

Mwili uliokatikakatika ukielezwa kwa aya mbili huleta kinyaa. Kinyaa hupita upesi. Sauti ya kugonga haipiti.

Je, ni mzimu kweli au ni akili ya mhusika?

Hadithi bora huruhusu majibu yote mawili hadi mwisho. Henry James alichapisha mwaka 1898 kisa cha yaya anayeona wafu wawili wakiwanyemelea watoto aliokabidhiwa, na hadi leo wasomaji hawajapatana kama wafu wale walikuwapo. Maelezo ya Todorov katika "Kwa nini ziwe fupi?" yanahusika hapa. Ninachoongeza ni kwamba mashaka hayo yana maana pale tu majibu yote mawili yanapokuwa mabaya. Ikiwa "ni akili yake" ni jibu la kuliwaza, mashaka hayana uzito.

## Wachawi

Mchawi anatisha kwa njia gani tofauti na mzimu?

Mzimu umekufa, mchawi yu hai. Mzimu unaweza kuukimbia kwa kuhama. Mchawi anakujua jina, anajua mtoto wako anasoma wapi, na asubuhi mnasalimiana. Kikulacho ki nguoni mwako: hadithi ya mchawi ni hadithi ya ukaribu uliooza. Ndiyo maana haihitaji giza. Inaweza kutendeka mchana, kwenye sherehe, huku watu wanacheka.

Nathaniel Hawthorne aliliona hilo barabara. Katika hadithi yake ya mwaka 1835, kijana anaingia msituni usiku na kukuta mkutano wa wachawi. Walio pale ni watu anaowaheshimu: mzee wa kanisa, mwalimu wake wa dini, hatimaye mke wake. Anaamka bila kujua kama ilikuwa ndoto. Hapati madhara yoyote mwilini, ila hamwamini tena mtu yeyote hadi anakufa. Kwangu hiyo ni miongoni mwa hadithi kali kuliko zote za wachawi, na hakuna anayerogwa ndani yake.

Kwa nini mchawi huwa bibi kizee?

Ni mazoea, na mazoea hayo yana historia ya damu. Katika msako wa wachawi wa Ulaya, uliokuwa mkali zaidi karne ya 16 na ya 17, wanahistoria wengi hukadiria kuwa watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa, wengi wao wanawake. Haikuwa hivyo kila mahali: Iceland karibu wote waliouawa walikuwa wanaume. Lakini mwanamke mzee, mjane, asiye na wa kumtetea, ndiye aliyekuwa rahisi kunyooshewa kidole, na sura yake ikabaki vitabuni.

Kwa mwandishi wa leo, macho mekundu na mgongo uliopinda ni uvivu juu ya dhuluma. Mchawi mwenye sura ya mtu yeyote anatisha zaidi, kwa sababu zilizotajwa katika jibu lililotangulia.

Hadithi za wachawi zinaweza kudhuru watu halisi?

Ndiyo, zinaweza, na swali hili lisipitwe haraka. Watu bado wanapigwa, wanafukuzwa makwao na kuuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 47/8 dhidi ya madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi na mashambulizi ya kimila, na miongoni mwa waathirika liliwataja watu wenye ualbino. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692 watu 19 walinyongwa na mwanamume mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa, kwa ushahidi ambao sehemu yake ilikuwa ndoto na maono ya washitaki. Mmoja wa mahakimu, John Hathorne, alikuwa babu wa kizazi cha mbali wa Hawthorne tuliyemtaja juu, na aibu hiyo ilimsumbua mjukuu maisha yake yote.

Hadithi haiui kwa kumtaja mchawi. Inakuwa hatari inapomfundisha msomaji alama za kumtambua: kizee, kilema, mpweke, mwenye ngozi tofauti. Mwandishi anayejali atahakikisha kwamba mambo yanayomfanya mchawi wake aogofye ni matendo na nia yake. Maumbile yake yasihusike. Na asimpe mchawi wa hadithini jina au anwani inayofanana na ya mtu anayeishi.

Mchawi anaweza kuwa mhusika wa kuhurumiwa?

Bila shaka, na zipo hadithi nyingi za namna hiyo. Hatari yake ni kwamba ukimwelewa mno haogopeshi tena. Njia inayofaa mara nyingi ni kumwacha atende jambo baya kwa sababu tunayoielewa kabisa.

## Kusoma na kusikiliza

Lazima niamini mizimu ili hadithi initishe?

Hapana. Inatosha ukubali kwa nusu saa. Msomaji asiyeamini chochote hutishika na hatia, upweke na majuto, na hizo ndizo mali za hadithi hizi. Kwa upande mwingine, mwenye imani ya dini anayeona mambo haya hayamfai asome asisome kwa dhamiri yake. Hakuna haja ya kumshawishi.

Nikisoma usiku nakabwa na jinamizi. Ni hadithi imeniitia kitu?

Hapana. Kukabwa usingizini kuna maelezo ya kimwili. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi ubongo huzuia misuli ili tusitende tunayoyaota, na mtu anapozinduka kabla kizuizi hicho hakijaondoka, hujikuta macho na hawezi kusogea. Wengi huhisi uzito kifuani na mtu chumbani. Hali hupita yenyewe ndani ya muda mfupi. Husababishwa zaidi na kukosa usingizi wa kutosha, kulala saa zisizo na mpangilio na kulala chali. Ikijirudia mara nyingi, mwone daktari.

Hali hii imezaa hadithi dunia nzima. Mtafiti David Hufford alichapisha kitabu mwaka 1982 kuhusu kisa kilichosimuliwa Newfoundland, nchini Canada, cha bibi kizee anayekalia kifua cha aliyelala, akaonyesha kwamba watu wa mahali pengine walieleza tukio lilelile bila kuwahi kukisikia. Kwa hiyo katika jambo hili jinamizi ndilo lililotangulia, na hadithi ikafuata. Kama kusoma kunakukosesha usingizi, soma mchana. Hadithi nzuri haiharibiwi na jua.

Mtoto anaweza kusoma?

Inategemea mtoto kuliko umri. Mtoto anayeomba arudiwe kisa kilekile anakitawala. Anayeacha kula au anayekataa kwenda chooni peke yake amepewa kupita kipimo chake. Msikilize, usimcheke, na usitumie mzimu kumtishia ili atii: ukifanya hivyo umemwondolea uwezo wa kufunika kitabu.

Nimesoma nyingi, sitishiki tena. Nifanyeje?

Pumzika, kisha ubadilishe aina badala ya kuongeza ukali. Anayeongeza damu huzoea damu. Aliyezoea mizimu yenye chuki ajaribu ile ya Pu Songling inayopenda na kulea, au hadithi zilizokusanywa na Lafcadio Hearn huko Japani na kutolewa mwaka 1904, ambazo nyingine alisimuliwa na mkewe Setsu. Utulivu wake unachoma polepole.

Kusoma na kusikiliza, kipi bora?

Msimulizi mzuri ana kitu ambacho karatasi haina: anaweza kunyamaza. Karatasi nayo inakupa nafasi ya kurudi nyuma kuhakiki sentensi uliyoitilia shaka, na kugundua kwamba ulionywa tangu mwanzo. Hadithi yenye msimulizi wa nafsi ya kwanza hufaa kusikilizwa. Ile inayofichaficha mambo ndani ya barua na shajara husomwa.

## Kwa wanaoandika

Nianzie wapi?

Anza na maisha ya kawaida, yaelezwe kwa usahihi. M. R. James alitaka wahusika tuwaone wakiendelea na shughuli zao kwa utulivu, kisha kitu kiovu kichomoze kichwa kidogo, kijirudishe, na kichomoze zaidi baadaye hadi kishike jukwaa. Usifungue kwa radi na mvua. Fungua kwa mtu anayetafuta ufunguo, na tujue ufunguo huo ni wa nini.

Kabla ya kuandika, jiulize ni jambo gani la kweli lililo chini ya mzimu wako. Ukilikosa, utapata kelele. Ukilipata, huenda mzimu wenyewe ukahitaji mistari mitano tu.

Nieleze kiasi gani?

Eleza sharti, usieleze asili. Msomaji anahitaji kujua kwamba kitu kile huja mlango usipofungwa, au kwamba hakipaswi kutazamwa. Hahitaji kujua kilitoka wapi wala kilizaliwa lini. Sharti huzaa taharuki, kwa sababu tunajua litavunjwa. Asili huigeuza taharuki kuwa somo.

Mwisho wa kushtukiza ni lazima?

Si lazima, na umetumika mno. Kushtua hufanya kazi mara moja, ilhali mwisho ambao msomaji alikuwa akiuhofia tangu ukurasa wa pili, na ukaja kama alivyohofia, humfanya arudi kusoma tena. Mwisho wa "kumbe ilikuwa ndoto" uepuke kabisa. Unamwambia msomaji kwamba hofu yake haikuwa na thamani. Kisa cha Hawthorne kinagusia ndoto bila kosa hilo, kwa sababu ndoto pale ndiyo inayoanzisha maangamizi.

Naweza kuandika juu yake "kisa cha kweli"?

Ndani ya hadithi, msimulizi anaweza kuapa apendavyo. Hiyo ni mbinu ya siku zote. Kuitangaza kazi ya kubuni kuwa habari ni jambo lingine, hasa ikihusu wachawi. Sababu zimo katika "Hadithi za wachawi zinaweza kudhuru watu halisi?"

## Maswali ya pembeni

Hadithi ya sentensi mbili ni hadithi?

Ndiyo, ikiwa kati ya sentensi ya kwanza na ya pili dunia imebadilika. Nyingi hazifiki hapo, ni mshtuko uliokosa mtu wa kushtuka. Hata kwa maneno ishirini tunahitaji mtu mmoja mwenye kitu cha kupoteza.

Imenihuzunisha badala ya kunitisha. Ilishindwa?

Sidhani. Mzimu ni mtu aliyekufa, na huzuni imo ndani ya jambo lenyewe. Wazee wa hadithi ya Jacobs wanatisha kwa sababu wanampenda mtoto wao. Ninazozirudia mwenyewe ni zile ambazo siwezi kuzitenga hofu na majonzi.

Nimefiwa karibuni. Nizisome?

Hakuna jibu moja. Wengine huzikimbia kwa miezi, wengine hupata humo mahali pekee ambapo aliyefariki anaruhusiwa kurudi kuzungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wapenzi wa sinema za kutisha walikuwa na dhiki ndogo zaidi ya nafsi wakati wa janga la korona, ila hauthibitishi kwamba sinema ndizo zilizowasaidia, na msiba ni jambo jingine. Jipime kwa ukurasa mmoja. Ukifunga kitabu ukajisikia umebanwa zaidi, kiweke. Kitakungoja.

Hadithi moja inaweza kuwa na mzimu na mchawi pamoja?

Inaweza, ila nguvu mbili mara nyingi hudhoofishana: msomaji hajui aogope lipi. Nikolai Gogol alilitatua mwaka 1835 kwa kuwafanya kuwa mtu mmoja. Mwanafunzi wa seminari anapandwa mgongoni na kizee mchawi. Anajinasua, naye anampanda na kumpiga kwa gogo hadi kizee kinageuka kuwa msichana mzuri aliyelala hoi. Baadaye anaitwa kumwombea binti wa tajiri aliyefariki, usiku tatu kanisani, na maiti ni yule yule. Anachora duara sakafuni na kusimama ndani yake. Maiti inaamka, inapapasa ukingo wa duara, haimwoni. Usiku wa tatu linaletwa jitu ambalo kope zake sharti ziinuliwe na wengine. Kitu ndani ya mwanafunzi kinamwambia asitazame. Anatazama, jitu linamnyooshea kidole, naye anakufa kwa hofu.

Mchawi anayemjua kwa karibu, mfu anayemdai damu yake, na sharti moja linalovunjwa: yote yamo, wala hakuna lililowekwa kwa ajili ya kupamba. Anayetaka kuchanganya aisome akiwa na kalamu mkononi, atie alama kila mahali ambapo Gogol angeweza kueleza zaidi na hakueleza.